Gari la Friji la Kwenda Isiolo

Jericho, Nairobi
12 Januari 2026

Kwa Mama Batulo, mwenyekiti,

Hunijui nami sikujui, ila maziwa yako nimeyaona yakimwagwa. Juzi nilikuwa Eastleigh dukani kwa Yonis, yule anayepokea maziwa ya ngamia ya kikundi chenu yakishuka kutoka kwa basi la Isiolo. Alifungua mtungi wa kwanza, akanusa, akamwaga. Akafungua wa pili, akamwaga. Nikamuuliza, "Kwani nini mbaya?" Akasema, "Ni jua, sistee. Basi imechelewa, maziwa imeharibika." Hapo hapo moyo ukaniruka. Mama, mimi nina gari la friji!

Naitwa Carolyne Adhiambo. Nanunua magari yaliyotumika na kuyauza tena, lakini si haya ya kila mtu. Nanunua magari yenye kazi yake maalum: ambulensi, lori la maji, gari la shule ya udereva lenye breki mbili. Zamani niliuza kwenye yadi ya mtu pale Jogoo Road, sasa nimejitegemea, na hili la friji ndilo la kwanza kununua kwa jina langu peke yangu. Gari la namna hii halingoji mpita njia. Lina mtu wake mahali fulani, na kazi yangu ni kujua mtu huyo yuko wapi. Ambulensi yangu ya mwisho kule yadi, Nairobi nzima iliikataa. Nikaipeleka Kitui, masista wa zahanati wakainunua kabla sijashuka garini.

Hapa mjini magari ya friji yamejaa na kila mnunuzi anaponda bei. Isiolo litakuwa malkia. Limebeba chakula tu maisha yake yote, na linafanya baridi mpaka meno yanagongana. Yonis amekataa kunipa nambari yako ya simu. Amesema hupokei simu za watu wa magari, ila barua ikipanda basi pamoja na mitungi mitupu utaisoma. Basi ndiyo hii. Nijibu haraka!

Wako,
Carolyne Adhiambo


Isiolo
15 Januari 2026

Adhiambo,

Waaleikum salaam, ingawa hukunisalimia.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya akina mama, pale tunapopimia maziwa asubuhi. Zote nitazisoma hivyo, kwa hiyo uandike ukijua. Wamesema una haraka. Mmoja amesema una njaa. Mimi nimesema tungoje tuone.

Kuhusu simu, nikuambie usione ni kiburi. Dalali mmoja wa Nairobi alitutumia picha za gari zuri kwa simu, tukatuma pesa. Picha ilikuwa na injini, gari halikuwa nayo. Tangu siku hiyo, anayetaka kutuuzia kitu aandike kwa mkono wake na atie sahihi. Mtu akishaandika hawezi kugeuka akasema hakusema.

Gari tunalihitaji, sitakuficha. Kuna tajiri ameanza kuleta maziwa Eastleigh kwa gari lake la baridi. Ramadhani inaingia katikati ya mwezi ujao, na mwezi ule mtu akifungua saumu kwa maziwa ya fulani, huyo ndiye anamzoea. Wateja wa Yonis wakimzoea tajiri, hawarudi kwetu tena. Tukiipoteza Eastleigh tutakunywa maziwa yetu wenyewe, na watoto wetu watarudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Sasa nijibu. Gari limebeba chakula gani? Na ile bei uliyomwambia Yonis uishushe, ile ni ya kumtisha mtoto.

Batulo


Jericho
18 Januari 2026

Mpendwa Mama Batulo,

Assalam aleikum! Hujambo? Akina mama hawajambo? Watoto, ngamia, majirani, wote hawajambo? Mimi sijambo kabisa, na dada yangu Elsie, ambaye naishi naye, anawasalimu. Natumaini hapo nimelipa deni la salamu.

Bei nimeishusha, angalia kwenye karatasi ya pili, na akina mama wasiniombe tena maana hapo nimefika mfupani. Faida iliyobaki ni ya kunipa nguvu ya kununua gari lingine, basi. Chakula lilichobeba ni chakula cha kawaida, cha sokoni.

Nakuambia pia jambo lingine ili usilisikie kwa watu. Bwana Wachira, mwenye bucha na nyama choma pale Soko la Burma, analitaka gari hili la kubebea nyama. Amelizunguka akilipigapiga ubavuni kama anayechagua ng'ombe. "Carol, nikikupa cash leo, utalala na gari ama utalala na pesa?" Nikamwambia nitalala na mawazo. Mama, nikimuuzia Wachira nimeuza gari moja na mambo yameisha. Nikiwauzia nyinyi, kesho watu wa Marsabit watauliza mlilitoa wapi, keshokutwa watu wa Garissa. Nawataka nyinyi. Semeni neno moja tu!

Wenu,
Carolyne Adhiambo


Isiolo
20 Januari 2026

Adhiambo,

Sasa umesalimu mpaka mbuzi.

Bei tumeikubali. Bado gari. Hatuna fundi wa kumtuma, tuna maziwa. Pamoja na barua hii Yonis atakupa mtungi mdogo wa maziwa ya leo. Yamimine kwenye sufuria safi, usifunike, uyalaze ndani ya gari hadi asubuhi friji ikiwaka na mlango umefungwa. Kisha uyaonje, uniandikie yalivyo. Maziwa hunyonya kila kitu kilicho karibu nayo. Kama gari ni zima na safi, yatakuwa vile vile yalivyotoka kwetu.

Batulo


Jericho
22 Januari 2026

Mama Batulo na akina mama wote,

Assalam aleikum! Yamelala na yameamka mazima! Friji niliiunganisha na umeme wa nyumbani, tokeni zikaisha, Elsie akanifokea, lakini asubuhi maziwa yalikuwa baridi hata kushika sufuria ilikuwa taabu. Hayakuganda, hayakuchachuka.

Na utamu! Mimi sikuwahi kuonja maziwa ya ngamia maishani. Ule moshi nilikuwa nimeambiwa, Yonis alinieleza kwamba mnafukiza vyombo. Lakini kwa nini hakuna aliyeniambia kuhusu ile ladha nyingine iliyo nyuma ya moshi? Ile kama supu ya omena iliyolala! Nilifumba macho nikajiona niko kwa nyanya yangu Homa Bay. Elsie naye ameisikia, amekunywa vikombe viwili. Jirani yetu Mzee Ondiek, mstaafu wa reli, ameomba yake ateremshie ugali. Niambieni ukweli, hao ngamia mnawalisha nini?

Mtihani nimepita, sivyo? Nilete gari lini? Wachira alikuja tena jana, nikamwambia, "Pole, Bwana Wachira, hili limeposwa."

Wenu mwenye furaha,
Carolyne Adhiambo


Isiolo
23 Januari 2026

Adhiambo,

Ngamia wetu wanakula majani ya miti. Hawajawahi kuliona ziwa.

Gari lako lilibeba samaki.

Nilikuwa nimeanza kuisoma barua yako kwa sauti, nikafika kwenye supu ya omena, nikaikunja. Akina mama wakaninyang'anya karatasi wakaimalizia. Mpaka sasa kuna walioshika mbavu. Mimi sicheki. Huku kwetu wengi hawawezi kukaa chumba kimoja na samaki, seuze kumnywa kwenye maziwa. Uliandika "chakula cha kawaida, cha sokoni", na karatasi ninayo. Ungetuletea gari hilo, tungejaza maziwa ya kwanza ya Ramadhani, na Eastleigh nzima ingetema mbele ya duka la Yonis.

Muuzie mtu wa nyama.

Batulo


Jericho
24 Januari 2026

Mama Batulo,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nimebaki nimesimama.

Ni kweli. Gari lilikuwa la kampuni ya samaki, lilikuwa likitoa omena na mbuta ziwani kuleta Nairobi. Kule yadi nilifundishwa usiseme kitu ambacho hujaulizwa, na ukiulizwa sema kidogo. Nilisema kidogo. Lakini naomba uniamini kwa hili moja: sikusikia harufu. Naapa mbele ya akina mama wote. Niliingia humo ndani mara nyingi na sikusikia kitu. Mimi nimelelewa juu ya samaki, harufu hiyo kwangu ni nyumbani, na nyumbani hapanuki.

Nimeona haya hadi masikio yanawaka. Ila sikati tamaa, mimi si mtu wa hivyo! Tangu asubuhi Elsie nami tumelisugua gari kwa maji moto na magadi, sasa tunarudia kwa ndimu na siki. Soko la Jericho leo halina ndimu, zote ziko kwangu. Nipe nafasi, Mama. Niambie nyinyi mngefanyaje.

Carolyne Adhiambo


Isiolo
28 Januari 2026

Adhiambo,

Barua yako imeleta ugomvi hapa. Wengine wamesema mwongo hasafishwi kwa ndimu. Wengine wamesema mwongo asingeandika "nimeona haya". Kisha bibi mmoja ambaye huwa hasemi akauliza, "Mtoto akimimina mafuta ya taa kwenye kibuyu cha maziwa, huwa tunakitupa?" Tukamwambia hapana. "Tunafanyaje?" Tunakifukiza.

Hatujawahi kufukiza kibuyu chenye magurudumu, lakini kila kitu kina siku yake ya kwanza. Kwenye basi kuna gunia la kuni za mzeituni wa porini. Usichanganye na makaa ya dukani. Ziwashe nje kwenye jiko la bati, ngoja ziwe kaa jekundu lisilo na mwali, uingize jiko, ufunge mlango. Moshi ukitulia, pangusa kuta kwa kitambaa kikavu. Rudia mpaka kitambaa kitoke na harufu ya moshi peke yake. Kisha laza maziwa tena, na safari hii usionje wewe. Mpelekee Yonis, huyo ulimi wake naujua.

Ramadhani haingoji mtu. Fanya haraka, hiyo unaiweza.

Batulo


Jericho
4 Februari 2026

Mama Batulo,

Assalam aleikum. Nina mengi, nitaanza na ya kucheka.

Siku ya kwanza ya kufukiza, moshi ulitoka chini ya mlango ukaenda hadi sokoni. Mzee Obonyo, aliyekuwa mfanyakazi wa kanjo, baraza la jiji, na bado anajiona ndiye mlinzi wa mtaa, akaja mbio na ndoo. "Adhi, gari inaungua!" Nikapiga kelele, "Mzee, ni dawa, usimwage!" Alishamwaga. Jiko likazimika, makaa yakaelea, mimi nikalowa hadi kiunoni. Tukaanza upya. Tumefukiza kila siku mpaka gunia likaisha, na watu wa mtaa sasa wananiita Mama Moshi.

Sasa ya kulia. Leo asubuhi nimempelekea Yonis maziwa yaliyolala garini. Niliporudi nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikanusa. Omena. Nikapangusa kuta, nikanusa kitambaa. Omena. Nikanusa mikono yangu, nguo zangu, mto wangu wa kulalia. Mama, omena kila mahali. Pua ambayo haikusikia kitu, sasa haisikii kingine. Nilijua basi kwamba imeshindikana, sikungoja neno la Yonis.

Saa sita Wachira akaja. "Carol, umenizungusha ya kutosha. Nipe gari ama nipe jibu." Nilimweleza kila kitu, samaki, ndimu, kuni. Akaingia, akavuta pumzi, akatabasamu. "Hii moshi ni poa sana. Customer atadhani nyama ishaanza kuchomwa." Nimemuuzia. Amelipa, ameondoka nalo.

Ningeweza kunyamaza nikawaletea. Mngelipa, na mngegundua baadaye. Lakini nilifikiria Eastleigh ikitema maziwa yenu siku ya kwanza ya mfungo. Heri niwakose nyinyi kuliko niwaharibie. Nimelia kidogo, halafu nikakuandikia.

Nisameheni.
Carolyne Adhiambo


Isiolo
4 Februari 2026

Adhiambo binti yangu,

Nakuandikia huku basi linapiga honi, mwandiko wangu uuvumilie. Yonis amepiga simu! Amekunywa yale maziwa yote, hakubakisha hata ya kuonjesha mtu, nikamgombeza. Anasema ni moshi mtupu, moshi mzuri wa kwetu, na ubaridi juu yake. Nimemuuliza mara tatu, "Samaki?" Mara tatu amesema, "Hakuna, mama."

Nimetangaza kwa akina mama. Yule bibi asiyesema amepiga kigelegele! Wameanza kusugua mitungi kana kwamba bibi harusi anakuja. Pesa zetu ziko tayari. Lete gari. Njoo nalo mwenyewe, ulale kwetu, ule vizuri.

Batulo


Isiolo
5 Februari 2026

Adhiambo,

Barua yako imefika leo. Naona imepishana na yangu njiani.

Hii nimeisoma peke yangu. Akina mama wameniuliza umesema nini, nikawaambia macho yananiuma nitasoma kesho. Sijui kesho nitawaambia macho yamekuwaje.

Ulikuwa husikii samaki aliyekuwepo, sasa umesikia asiyekuwepo. Na sina wa kumlaumu, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ungetudanganya ningekutukana nikatulia. Umemuuzia mtu mwingine gari letu kwa ajili ya kutuhurumia.

Tutarudi kwenye basi na magunia yaliyoloweshwa maji. Mwenyezi Mungu ndiye mpaji.

Batulo


Jericho
12 Februari 2026

Mama Batulo, Mama Batulo, Mama Batulo!

Assalam aleikum! Waite akina mama wote, hii isome kwa sauti ya juu kabisa! Gari ninalo! Liko hapa mlangoni, nalitazama ninapoandika!

Barua zako mbili zilinifikia pamoja. Ya kwanza ilinirusha juu, ya pili ikaniangusha chini, nikatoka na ndara hadi Burma. Wachira alikuwa anakata mbavu za mbuzi. Nilimweleza yote mbele ya wateja wake. Ni mtu muungwana sana, sikumjua vizuri. Alinisikiliza, akanielewa, akanirudishia gari kwa bei ile ile aliyonipa. Nyama alikuwa amepakia mara moja tu, nimeosha, nimefukiza tena kwa kuni ambazo Yonis alinitafutia, na safari hii yeye ndiye amekuja kunusa. Mimi pua yangu nimeistaafisha.

Bei yetu haijabadilika hata shilingi moja. Barua hii inapanda basi la leo, mimi nang'oa nanga kesho alfajiri. Nimejaza mafuta, Elsie amenifungia chapati za njiani. Msiniandalie makubwa. Andaeni mitungi!

Wenu,
Carolyne Adhiambo


Isiolo
3 Machi 2026

Adhiambo binti yangu,

Assalam aleikum. Mfungo unaendelea vizuri, Alhamdulillahi. Gari linateremka Nairobi kila siku, na tangu Ramadhani iingie Yonis hajamwaga hata kikombe. Wateja wanafika kabla ya maziwa. Yule tajiri amepunguza bei, wateja hawakuhama. Ile siku uliyofika hapa na kupiga honi tangu lango la mji, akina mama bado wanaiiga, kila mmoja na honi yake mdomoni.

Hayo ni mazuri. Sasa nikugombeze. Umetudanganya mara ya pili.

Yonis alikula Burma siku chache kabla ya mfungo kuingia, akamkuta Wachira akijisifu kwa wateja. Muungwana wako alikuuzia gari kwa bei ya kukukamua. Faida yako yote ikaingia mfukoni mwake, na juu yake ukaongeza akiba yako ya kununulia gari lingine. Kwetu ukauza kwa bei ile ile na kutuchekea ukinywa chai. Karatasi ninayo: "kwa bei ile ile aliyonipa." Sasa huna gari la kuuza wala pesa za kununua. Muuza magari asiye na gari ni sawa na mfugaji asiye na mnyama.

Tumekaa kikao, na kimechukua muda, maana hasira zilikuwa nyingi. Tulijua tukikutumia pesa utazirudisha, nawe ni mkaidi. Kwa hiyo tumefanya yale ambayo huwa tunafanya. Huku kwetu mtu akipoteza mifugo, kwa ukame au kwa wezi, hatumpi pesa. Tunampa ngamia anayekamwa. Mnyama hubaki wa mwenyewe, lakini maziwa ni ya yule aliyepoteza, mpaka atakapoinuka tena. Anayepewa hakatai. Kukataa ni kutuambia kwamba sisi si watu wako.

Ngamia wako ametoka kwenye kundi la yule bibi asiyesema. Ni jike mweupe, amezaa juzi, ana maziwa mengi na hasira za karibu. Tumeanza kukama leo. Maziwa yake yatateremka kila siku pamoja na ya kwetu. Mtungi wako una kitambaa cha manjano shingoni. Yonis akijaribu kukuuzia, mwambie ni wako.

Mama yako,
Batulo